Amplifaya ya gitaa inayovuma, kukwaruza au kukata sauti: tujue kelele inaingilia wapi kabla ya kubadilisha kipuri

Nyuzi Sita (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Maswali kuhusu amplifaya zenye kelele hujirudia sana, na majibu mengi huanza moja kwa moja na kipuri: badilisha valvu (taa ya kioo inayokuza ishara), badilisha kapasita (kipuri kinachohifadhi umeme), nunua kebo nyingine. Ushauri wa namna hiyo huweza kusadifu, lakini anayebadilisha vipuri bila kujua kelele inaingilia wapi anacheza bahati nasibu kwa fedha zake mwenyewe. Nimeona niandike kwa urefu namna ya kulitafuta tatizo, kwa sababu amplifaya yenyewe, kwa vitasa vyake na kwa aina ya sauti inayoitoa, hueleza sehemu kubwa ya ugonjwa wake kabla bisibisi haijaguswa.

Tuanze kwa kuiacha amplifaya peke yake. Chomoa gitaa, pedali na kebo zote isipokuwa ya umeme na ya spika, kisha iwashe na uipandishe sauti hadi kiwango unachopigia kwa kawaida. Kelele ikitoweka, huenda chanzo kiko nje, ingawa hapa pana mtego. Katika amplifaya nyingi tundu la kuingizia kebo lina swichi ndogo inayoiunganisha njia ya ishara na ethi (waya wa ardhini) mara tu plagi inapochomolewa, kwa hiyo ukimya unaousikia unaweza kuwa ni kazi ya swichi hiyo. Kuchomeka kebo isiyo na gitaa upande wa pili nako hakusaidii, maana kebo iliyo wazi hugeuka antena na lazima ivume. Kipimo kinachofaa ni kuchomeka gitaa na kukizungusha kitasa chake cha sauti hadi sifuri. Katika magitaa ya kawaida kitasa hicho kikifika sifuri huipeleka ishara yote kwenye ethi. Mvumo ukikoma hapo, umetoka ndani ya gitaa, na ukiendelea vilevile, ichunguze kebo kwanza, kisha tundu la amplifaya.

Ikiwa ni gitaa, kaa nalo kama unavyolipiga, ongeza sauti yake, halafu ugeuke polepole mahali ulipo. Mvumo unaopanda na kushuka kadiri unavyogeuka unatokana na pikapu (sumaku yenye koili iliyo chini ya nyuzi) kunasa uga wa sumaku wa transfoma, mota au taa zilizo karibu. Pikapu ya koili moja hufanya hivyo kwa maumbile yake, na hapo hakuna kilichoharibika. Ndiyo sababu Seth Lover, alipokuwa Gibson mwaka 1955, alitengeneza hambaka, yaani koili mbili zilizowekwa pamoja zikiwa na mwelekeo wa sumaku na wa ishara uliopinduliwa, hivyo kwamba mvumo unaozifikia zote mbili hufutana huku mtetemo wa nyuzi ukijumlishwa. Mwenye koili moja hana budi kusogea mbali na amplifaya, kutafuta pembe yenye utulivu, na kuzima taa zenye swichi ya kupunguzia mwanga, ambazo kwa maoni yangu ndizo adui mkubwa kuliko kitu kingine chochote chumbani.

Gusa nyuzi pia. Mlio mkali ukipungua unapozigusa, waya wa ethi unaoingia kwenye daraja la gitaa ni mzima, na kilichokuwa kinauleta mlio huo ni mwili wako wenyewe, ambao hukusanya kelele za umeme zilizo hewani. Usipopungua hata kidogo, kuna uwezekano kwamba waya huo umekatika chini ya daraja. Ukiongezeka badala ya kupungua, fungua sahani ya tundu la gitaa uangalie kama waya wa ishara na wa ethi vimebadilishana nafasi, jambo linalotokea sana kwa magitaa yaliyowahi kulehemiwa upya na mtu mwenye haraka.

Sasa tuseme kelele imo ndani ya amplifaya. Vitasa vya sauti vinaigawa saketi katika vipande, na hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote. Kelele isiyobadilika hata uzungushe kitasa gani imezaliwa baada ya kitasa cha mwisho cha sauti, yaani katika hatua ya mwisho ya nguvu au katika sehemu inayotengeneza umeme wa ndani. Ile inayofuata kitasa kikuu cha sauti lakini haijali kitasa cha geini (kiasi cha ukuzaji katika hatua za mwanzo) imezaliwa kati ya vitasa hivyo viwili. Inayopanda pamoja na geini imeingia katika hatua ya kwanza kabisa au kabla yake. Msisahau kitasa cha mwangwi: ikiwa mvumo hupanda nacho peke yake, sanduku la springi limekaa karibu mno na transfoma ya umeme, au kebo yake imepoteza ethi, na mara nyingi kuligeuza sanduku hilo ili upande wa kutolea ishara uwe mbali na transfoma hutosha.

Baada ya vitasa, sikiliza kimo cha mvumo. Panapotumika umeme wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), kuna mivumo miwili inayofanana kwa sikio lisilozoea. Wa hezi 50 huingia kutoka kwenye hita za valvu (nyuzi za kuzipashia moto), vitanzi vya ethi au pikapu. Wa hezi 100 huzaliwa pale umeme unapopita kwenye daraja la dayodi (linaloubadilisha kuwa wa moja kwa moja) na kapasita kubwa zikashindwa kuulainisha. Gitaa lako ni kipimo tosha: bonyeza uzi mnene wa sita kwenye freti ya tatu, upate noti ya “sol” (G) ya hezi 98. Mvumo ukikaribiana na noti hiyo, ni wa hezi 100. Ukiwa chini yake kwa oktava nzima, ni wa 50. Panapotumika hezi 60, noti ya kulinganishia ni ile ya “si” (B) ya uzi wa tano, freti ya pili, ambayo iko juu kidogo tu ya hezi 120.

Ile “shhh” ya redio ambayo haijashika stesheni ni suala jingine. Kila amplifaya yenye geini kubwa huwa nayo, kwa sababu rezista (vipuri vya kuzuia mkondo) na valvu hutoa kelele hiyo kwa asili, na hatua ya kwanza ikishaitoa, zinazofuata huikuza zote. Nitaifuatilia tu iwapo imeongezeka ghafla kuliko ilivyokuwa. Hapo valvu ya kwanza, ambayo mara nyingi ni ECC83, inayoitwa pia 12AX7, ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, na rezista ya anodi yake ni wa pili. Iguse valvu kwa ncha ya penseli: ikijibu kwa mlio mkubwa kwenye spika au kuanza kupiga mluzi, imechoka, na haifai kukaa hatua ya kwanza hata kama bado inapitisha sauti.

Kwa mikwaruzo, kitasa kinachokwaruza kikizungushwa husafishwa kwa dawa ya kontakti na kwa kawaida hupona. Kikianza tena baada ya muda mfupi, acha kumwaga dawa. Fundi apime kama kuna volti za umeme wa moja kwa moja kwenye miguu ya kitasa hicho, kwa sababu kapasita inayokitangulia ikivujisha umeme huo, kitasa kitakwaruza daima hata kiwe kipya. Nawakaribisha wenye maswali na wenye kuniongezea.

Kamba Moja

Nashukuru kwa maelezo haya, mkuu. Tatizo langu si mvumo. Amplifaya yangu ya valvu hupiga vizuri kwa muda, kisha sauti inafifia na kuwa nyembamba kana kwamba kuna aliyeipunguza, na nikipiga kodi moja (noti kadhaa kwa pamoja) kwa nguvu hurudi ghafla. Nimeshabadilisha valvu zote na hali ni ileile. Je, transfoma ndiyo inayokufa?

Nyuzi Sita

Ndugu Kamba Moja, transfoma inayokufa haifufuliwi na kodi. Kinachorudi kwa mshtuko wa ishara au wa mtikisiko ni mguso hafifu wa chuma kwa chuma, na mahali pa kwanza pa kuangalia ni nyuma ya amplifaya, kwenye matundu mawili ya kutolea na kurudishia ishara kwa ajili ya pedali. Katika amplifaya nyingi, usipochomeka kitu hapo, ishara yote hupita kwenye kibati chembamba ndani ya tundu la kurudishia. Kibati hicho kikikaa muda mrefu bila kuguswa hushika kutu jembamba, na ishara dhaifu hushindwa kulivuka ilhali yenye nguvu hulipasua. Chukua kebo fupi ya gitaa, uunganishe tundu la kutolea na la kurudishia, halafu upige kwa muda ule ule ambao tatizo hujitokeza. Likikoma, umepata jibu bila kufungua hata skrubu moja.

Lisipokoma, mshukiwa wa pili ni kiungo cha lehemu kilichopasuka, hasa kwenye miguu ya matundu na ya soketi za valvu zilizopachikwa moja kwa moja kwenye bodi ya saketi. Joto hutanua, baridi hukaza, na baada ya miaka kadhaa ukilitazama lehemu kwa kioo cha kukuzia utaona duara jembamba jeusi kuzunguka mguu. Kipasuko cha namna hiyo hulehemiwa upya kwa kuongeza lehemu mpya, si kwa kuipasha moto ya zamani peke yake.

Gitaa la Mti

Yangu ni ya transista, imezeeka, na inavuma tangu inapowashwa. Nimezungusha kila kitasa na mvumo haujibu, nimelinganisha na sol kama mlivyoelekeza, na unalingana nayo. Rafiki mmoja amenishauri niikate pini ya ethi kwenye plagi ya umeme, kwa madai kwamba wanamuziki wengi hufanya hivyo. Naomba mawazo yenu kabla sijaigusa.

Mzee wa Lehemu

Kijana wangu, pini hiyo usiikate, na yeyote aliyeikata airudishe leo. Kazi ya ethi ya ukutani ni kwamba waya wenye umeme ukigusa bodi ya chuma ndani ya amplifaya, mkondo mkubwa upite kwenye ethi na fyuzi ikatike papo hapo. Ukiiondoa, bodi itabaki na umeme, nyuzi za gitaa zimeungwa na bodi hiyo kupitia kebo, na mikono yako iko juu ya nyuzi. Siku utakapogusa maikrofoni iliyounganishwa na ethi ya kweli, mkondo utapita kifuani. Hakuna mvumo unaostahili bei hiyo.

Isitoshe, dalili zako hazielekezi kwenye ethi. Kitanzi cha ethi hutokea pale vifaa viwili vinapounganishwa na ethi kwa njia mbili tofauti, kwa mfano amplifaya mbili zinazopokea gitaa moja. Dawa yake ni kuvilisha vifaa vyote kutoka chanzo kimoja cha umeme, au kuweka transfoma ya kutenganisha kwenye njia ya ishara. Amplifaya yako inavuma ikiwa peke yake, kwa hezi 100, bila kujali vitasa. Hizo ni kapasita kubwa za kulainisha umeme. Kapasita za aina hiyo zina maji ya kemikali yanayokauka kwa miaka, na joto huharakisha mno jambo hilo: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzijoto 10 unazopunguza huongeza maisha yake takribani mara mbili. Zinapobadilishwa, ziwe na volti sawa na za awali au zaidi, ujazo unaokaribiana nazo, na ikiwezekana ziwe zimeandikwa 105 °C badala ya 85 °C.

Kabla ya kuzibadilisha, fundi apime umeme wa moja kwa moja kwenye njia ya kutokea spika, spika ikiwa imechomolewa. Makumi machache ya milivolti si neno. Akikuta volti nyingi, transista ya mwisho imeshika (inapitisha umeme bila kukoma), na kuendelea kuunganisha spika ni kuiunguza koili yake. Dalili yake kwa macho ni karatasi ya spika kusukumwa nje au kuvutwa ndani na kubaki hapo, pamoja na mvumo mkubwa.

Nyuzi Sita

Naunga mkono yote aliyoyasema mzee wetu. Kwa wenye valvu niongeze mambo mawili.

La kwanza ni kwamba mvumo wa hezi 100 haumaanishi kapasita siku zote. Amplifaya nyingi zina valvu mbili za mwisho zinazopokezana kazi, na mabaki ya mvumo wa umeme hufutana ndani ya transfoma ya kutolea sauti kwa sharti kwamba valvu hizo zinavuta mkondo sawa. Moja ikichoka au ikikosa bayasi (volti inayopanga mkondo wa valvu), mabaki yaleyale yasiyosikika jana yatasikika leo, ilhali kapasita ni nzima. Kwa hiyo jaribu jozi nyingine iliyolinganishwa na upime bayasi kabla ya kuagiza kapasita. Na ukiona sahani ya ndani ya valvu ya mwisho inageuka nyekundu, zima mara moja. Bayasi imepotea na kila sekunde inayopita inaidhuru transfoma pia.

La pili ni usalama. Ndani ya amplifaya ya valvu mna volti 300 hadi 500, wakati mwingine zaidi, na kapasita huzihifadhi hata baada ya plagi kutolewa ukutani. Asiye na ujuzi wa kuziondoa asifungue. Mwenye ujuzi huzimwaga kupitia rezista ya kiloomu kadhaa yenye uwezo wa wati 5 au zaidi na waya uliofunikwa vizuri, kisha hupima kwa mita na kusubiri, halafu hupima tena, maana kapasita huweza kujirudishia volti kidogo. Kugusanisha miguu yake kwa bisibisi ni tabia mbaya hata kama cheche zake zinawafurahisha watazamaji.

Bila kufungua bodi, valvu ndogo bado zinaweza kusaidia. Zima, iache ipoe, chomoa valvu ya kwanza, washa usikilize. Kelele ikibaki, zima tena na uendelee na inayofuata kuelekea mwisho. Valvu ambayo kuondolewa kwake kunanyamazisha kelele ndiyo inayoonyesha hatua yenye tatizo, au hatua iliyo kabla yake mara moja. Angalizo ni kwamba kuna amplifaya ambazo hita za valvu zake zimeungwa kwa mfululizo, na ukitoa moja nyingine huzimika, hivyo kipimo hicho hakitoi jibu. Spika isichomolewe wakati wote huu, kwa sababu amplifaya ya valvu ikipigwa bila mzigo inaweza kuzalisha volti zinazotoboa transfoma ya kutolea sauti.

Kodi Tatu

Mimi kelele yangu huanza pale ninapounganisha pedali. Nazilisha zote kwa adapta moja yenye waya wa matawi, na ikiingia ile ya kidijitali ya mwangwi, unasikika mluzi mwembamba. Nimenunua pedali ya kuzimia kelele na mluzi unakoma nisipopiga, lakini nikipiga naousikia nyuma ya noti.

Nyuzi Sita

Pedali ya kuzimia kelele hufunga mlango tu wakati hakuna anayepita. Haiondoi kilichokwisha kuingia. Nina mashaka nazo kwa sababu huwafanya watu waishi na tatizo ambalo lingetibika. Lisha pedali ya mwangwi peke yake kwa betri ya volti 9 au adapta yake yenyewe, nyingine ukiziacha kwenye matawi. Mluzi ukikoma, saketi yake ya kidijitali ilikuwa inachafua waya wa umeme na wa ethi unaoshirikiwa na wenzake, na dawa ni adapta yenye matokeo yaliyotenganishwa kila moja. Angalia pia kwamba pedali hiyo inapata miliampea inazodai, kwa sababu za kidijitali hula mkondo mwingi kuliko za kawaida. Mluzi usipokoma, punguza pedali moja baada ya nyingine pamoja na kebo zake, ukianzia upande wa gitaa.

Na simu iwekwe mbali. Ile “ti-ti-ti” inayoingia kabla ya ujumbe hutokana na simu ya mfumo wa GSM, ambayo hutuma mawimbi kwa mapigo 217 hivi kila sekunde, na saketi yenye geini kubwa huyanasa bila shida.

Kamba Moja

Nimeunganisha matundu yale mawili kwa kebo fupi na sauti haijafifia tena. Je, naweza kuiacha kebo hapo? Swali la ziada: ninapopiga noti za chini, kuna kitu kinachotetemeka kwa mlio wa karatasi, na sijui kama ni amplifaya au spika.

Mzee wa Lehemu

Ukiiacha haitadhuru, ila ni bora tundu lisafishwe: weka dawa ya kontakti kwenye plagi, uichomeke na kuichomoa mara nyingi, amplifaya ikiwa imezimwa. Dawa isipofua dafu, tundu libadilishwe.

Kuhusu mtetemeko, zima na uunganishe spika nyingine ya impedansi (ukinzani wa spika, kwa omu) ileile. Ukikoma, rudi kwenye spika yako. Weka vidole vya mikono yote miwili kuzunguka kitovu cha karatasi na uisukume ndani taratibu na kwa usawa. Ukisikia inakwaruza, koili inagusa sumaku, na hiyo ni kazi ya anayerudishia spika upya. Isipokwaruza, kaza skrubu za spika, za mshikio na za paneli ya nyuma, kisha mtu mwingine apige noti ile inayosumbua huku wewe ukibana kwa kiganja kila ubao na kila wavu wa kabati, mmoja baada ya mwingine. Ukiendelea hata kwenye spika ya pili, hapo utuambie ni noti zipi na ni kwa kiwango gani cha sauti, kwa sababu mlio wa karatasi unaozifuata noti na kufa pamoja nazo unaweza kutoka kwenye valvu ya mwisho au kapasita inayoipelekea ishara, na vipimo vyake ni tofauti.